Chaguo Namba Nne

Kitu cha kwanza alichokiona Tusekile kilikuwa inzi.

Alitua kwenye mdomo wa mama yake, akatembea polepole kuufuata mdomo wa chini, akapanda shavuni, akafika kwenye kona ya jicho na kusimama pale akisugua miguu yake ya mbele. Jicho halikupepesa. Mkono wa mama ulikuwa hewani juu ya ungo, vidole viwili vimeshika punje ya haragwe, na mkono nao haukushuka.

Mama alikuwa katikati ya neno. Alikuwa amesema, "Ukirudi pitia kwa mama Sekela uniletee chu..." basi, akabaki hivyo, mdomo umeachama kidogo.

Tusekile aliinama akamtazama nyuma ya sikio. Kishikizo kilikuwa mahali pake, kidogo kama kifungo cha shati, na namba yake ileile aliyokuwa akiifuta vumbi kila Jumapili: 308. Lakini taa yake, ambayo siku zote ilikuwa ya kijani, sasa ilikuwa ya njano. Tusekile alijua kwamba hapo mtu humtikisa mzazi wake, huita majirani, hupiga yowe. Yeye aliketi. Chai yake ilikuwa mezani, bado ya moto. Akainywa, funda la kwanza, la pili, mpaka akaona majani chini ya kikombe.

Inzi akaruka mwenyewe. Taa ikarudi kijani.

"...mvi," mama akamalizia, na haragwe likaanguka kwenye sufuria. "Na baba yako, ameshakula?"

"Ameshakula, mama."

Baba alikuwa na mwaka wa kumi kaburini.

Homa iliyomchukua ilipita Lusungo nyumba kwa nyumba, na waliopona walipona miili tu. Ile sehemu ya kichwa inayoshika mambo ilikuwa imekwisha. Mtu alisahau kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Wengine walisahau kumeza, na wapo waliosahau kuvuta pumzi. Ndipo vilipoletwa vishikizo. Kishikizo chenyewe hakikuwa na akili. Kiliazima akili kutoka kwenye mashine kubwa iliyofukiwa chini ya kilima cha chuo kikuu, ambayo watu wa mji waliiita Jiko kwa ajili ya bomba lake la hewa ya moto. Kwenye baridi ya Lusungo, wanawake walianika nguo na mahindi kulizunguka bomba lile kama wanaoota moto.

Watu mia sita na kumi na wawili waliishi kwa Jiko hilo. Na kishikizo cha mama, kwa sababu ambayo hakuna aliyeweza kuieleza, kililishika swali moja kuliko mambo mengine yote. Mara arobaini kwa siku. Akiliuliza asijibiwe, alitoka barabarani kumtafuta mume wake, peku, kwenye umande. Tusekile aliacha shule akiwa darasa la tano ili awepo mtu wa kumjibu. Tangu apate kazi, saa zake za kazini mama Sekela wa jirani ndiye aliyejibu badala yake.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana na dakika zake. Tusekile alikuwa amekuja mara moja tu kumpa mama chakula. Aliosha kikombe, akafunga kitenge, akapanda kilima kurudi kazini.

*

Kazi yake ilikuwa kudeki maabara za jengo la kompyuta. Alikuwa na miaka miwili mle ndani na hakuna aliyejua sauti yake ikoje. Aliingia na ndoo, akatoka na ndoo. Wanafunzi walimwita dada Tuse kwa sababu jina lilikuwa limeshonwa kwenye koti lake la kazi, na waliinua miguu kwenye viti ili dekio lipite chini.

Kwenye Maabara ya Pili ubao ulikuwa na maandishi makubwa ya Dokta Kaijage, mwalimu wa mifumo endeshi, mzee mmoja mcheshi aliyetoka Bukoba na kuoa Lusungo. Tusekile alisoma polepole, kama alivyosoma kila kitu, herufi kwa herufi huku dekio likienda.

MIRADI YA MUHULA. CHAGUA MMOJA.
1. Mpanga zamu.
2. Mgawa nafasi.
3. Mtegua mikwamo.
4. Mchaguzi.

Alikwisha kumsikia Dokta akiieleza. Jiko, alisema, ni mama mmoja mwenye kijiko kimoja na watoto mia sita. Anamlisha huyu, anahamia kwa yule, anarudi kwa huyu kabla hajameza, na kila mtoto anadhani kapakatwa peke yake. Mpanga zamu anaamua kijiko kiende kwa nani. Mgawa nafasi anaamua kila mmoja akalie wapi. Mikwamo ni pale watu wawili wanapokutana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia wewe, mpaka wanaota mvi. Na Mchaguzi? Siku nafasi inapokwisha kabisa, Dokta alisema, lazima mtu mmoja aondolewe ili wengine waendelee. Mchaguzi ndiye anayesema nani.

Mradi huo wa nne walikuwa wameuchukua Ipyana na Salha, kwa kuwa kila mtu mwingine aliuogopa. Ipyana alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya mnadani. Salha alikuwa msichana wa Tanga, mwenye huruma na mdomo mkali.

"Jamani, 308 tena!" Ipyana alipiga meza. "Kila kanuni ninayoandika inamwangukia yeye. Huyu mtu anakula nafasi kama ukoo mzima wa bwana harusi. Halafu kazi yake nini? Swali moja. Moja tu! Leo peke yake ameuliza mara thelathini na sita."

"Swali gani?" Salha aliuliza bila kuinua macho.

"'Baba yako ameshakula?'" Ipyana aliigiza kwa sauti nyembamba ya kizee. Maabara nzima ikacheka.

Dekio lilisimama.

"Dokta naye ana vituko," Salha alisema. "Mtu wa kubuni, unampa mpaka mume wa kumsubiri?"

"Ndiyo utamu wake. Watu wa mazoezi wa mwaka jana walijua 'habari' na 'kwaheri' tu. Hawa wa safari hii ukiwasoma vizuri unaweza ukatuma washenga."

"Wewe? Nani atakukubali, hata mtu wa kubuni?"

"Ngoja nimalize digrii. Haya, tumemsimamisha saa nane na dakika tano, tumemwachia saa nane na dakika tisa. Andika: dakika nne, mfumo haukuyumba. Wiki ijayo tuongeze."

Maji yalitiririka kutoka kwenye dekio, yakaingia ndani ya kiatu cha Tusekile. Aliyasikia yakiwa baridi, akayaacha. Dakika nne. Dakika nne ndizo chai yote mpaka majani. Alitazama skrini kubwa ukutani. Hakukuwa na majina, namba tu, mistari na mistari ya namba, na kwenye mstari mmoja 308, na mbele yake taa ya kijani.

"Dada Tuse, vipi? Mbona umeganda?" Salha alimwuliza.

Tusekile alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo.

"Nimeteleza," alisema.

Ndilo neno la kwanza kulisema katika chumba kile. Salha akamwambia pole, akainua miguu yake juu zaidi.

*

Tusekile alijiambia kwamba kilichomzuia kusema ni aibu. Nani angemsikiliza, darasa la tano, na ndoo mkononi? Angeanzia wapi kumwambia Dokta kwamba watu wake wa kubuni wanakula na kulala mtaani? Alijiambia pia kwamba pengine amesikia vibaya, na kwamba pengine wapo wanawake wengi wanaowasubiri waume zao. Alijiambia mengi wiki ile.

Alhamisi ya pili aliwahi kufika nyumbani. Saa nane kasorobo alimtoa mama kwenye kigoda karibu na mafiga, akamketisha mkekani na mgongo ukutani, akamwekea mto. Saa nane na dakika tano taa ikawa njano. Ikakaa njano dakika sita. Tusekile alimfukuzia inzi kwa upande wa kanga, na mkono mwingine ulishika kikombe.

Jioni ile mtaa mzima ulizungumza habari za mzee Mwasomola, fundi wa mapaa, aliyeanguka kutoka juu ya nyumba ya mchungaji na kuvunjika paja. Watu walisema alikuwa amelewa. Mkewe aliapa kwamba mzee hajaonja pombe tangu awekewe kishikizo. Tusekile alisikia yote hayo kisimani. Alijitwisha ndoo yake akaondoka.

Alhamisi ya tatu zilikuwa dakika tisa.

*

Alhamisi ya nne hakuweza kwenda nyumbani. Ilikuwa siku ya mtihani wa miradi, na Dokta Kaijage aliomba viti viongezwe Maabara ya Pili. Kwa hiyo saa nane kamili Tusekile alikuwa amesimama karibu na mlango, na kiti cha mwisho mkononi, Ipyana aliposimama mbele ya wenzake ishirini katika suruali iliyopigwa pasi.

"Dokta, wenzangu," alianza. "Mpaka sasa tulikuwa tunasimamisha tu. Kumsimamisha mtu ni kumwahirisha. Nafasi yake bado kaikalia. Leo Mchaguzi anachagua, anafuta, na nafasi inarudi kwa wote. Tumejaza mzigo wa mtihani ili nafasi iishe kweli. Baada ya dakika kumi kuanzia sasa, anafuta."

Akabonyeza. Kwenye skrini kubwa mstari mmoja ukageuka mwekundu.

"Anamfuta nani?"

Watu waligeuka kutafuta sauti imetoka wapi. Hata Tusekile alishtuka kuisikia. Kiti kilikuwa kimemponyoka kikaanguka.

"Dada Tuse?" Salha alisema.

"Anamfuta nani?"

"308," Ipyana alijibu, akicheka kidogo. "Usijali, dada, ni mtu wa mazoezi."

"Huyo ni mama."

Kicheko kilianza nyuma, kikafa njiani.

"Huyo ni mama yangu," Tusekile alisema, na sasa maneno yalitoka yote kwa pamoja, yakisukumana. "Anaitwa Atuganile. Nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba. Hiyo namba iko nyuma ya sikio lake, naifuta mimi kila Jumapili. Anayemwulizia ni baba. Baba alikufa kwa homa."

Dokta Kaijage aliinuka taratibu. Alikuwa bado anatabasamu, tabasamu la mwalimu anayemsaidia mtoto. "Binti, umesikia habari zao hapa, zikakuingia. Inatokea. Watu hawa nimewatunga mimi kwa mkono wangu, kwenye mashine ndogo ya mazoezi."

Tusekile hakubishana. Alitoa simu mfukoni mwa koti, akampigia mama, akaweka sauti ya nje. Iliita. Chumba kizima kilisikiliza ikiita.

"Haloo? Tuse?" Sauti ilikuwa nyembamba, na nyuma yake kuku walilia. "Baba yako ameshakula?"

Kwenye skrini, pembeni ya mstari mwekundu, hesabu ya maswali ilitoka kumi na tisa ikawa ishirini.

Dokta alisogea karibu na skrini.

"Tuse? Baba yako ameshakula?"

Ishirini na moja.

"Ameshakula, mama," Tusekile alisema, akakata.

Ipyana aliketi sakafuni palepale alipokuwa, na suruali yake ya pasi, kama mtu aliyekatwa miguu. Salha alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Dokta Kaijage alitazama skrini, akatazama simu, akatazama tena skrini, na tabasamu lilikuwa bado liko usoni kwa sababu alikuwa amelisahau hapo.

"Radi," alisema. "Radi ya Januari ilipiga mashine ndogo. Nilimwambia fundi anitafutie njia, muhula usisimame. Akaja siku ya tatu akasema tayari. Mimi nilitunga watu mia sita. Nilipofungua nikakuta mia sita na kumi na wawili, wazuri, wanaongea mambo ya viazi na mvua na wakwe zao. Nikasema fundi huyu ni hodari. Nikamwandikia barua ya pongezi." Sauti yake ilipasuka. "Hakunakili chochote. Alituunganisha na Jiko lenyewe. Na mimi nikaandika barua ya pongezi."

"Dokta, zima!" Salha alipiga kelele. "Zimebaki dakika saba!"

"Kuna watu wanavutiwa pumzi na mashine hii."

"Basi mwondoe Mchaguzi!"

"Amefungwa. Mtihani ukishaanza haufunguki mpaka muda uishe. Ndiyo kanuni."

"Toa mzigo basi!"

"Huo nao nimeufunga. Mwaka jana kuna watu waliupunguza kwa siri wakapata maksi za bure." Alijishika kichwa. "Nikaapa mwaka huu hata mimi mwenyewe nisiweze kuufungua."

Mtu alianza kulia upande wa dirishani. Ipyana, pale sakafuni, alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo: "Lakini nafasi tunaweza kuiongeza. Niliandika hivyo. Mchaguzi akikuta nafasi imetosha kabla ya muda, hachagui mtu."

Dokta alimtazama. Kisha akakimbia, mzee yule na magoti yake mabovu, akakaa mbele ya kompyuta ya mwalimu. Dakika moja ilipita wakimwangalia mgongo. Alipogeuka alimtafuta Tusekile kwa macho.

"Njoo hapa, mwanangu. Kaa. Kuna njia mbili na mimi siwezi kukuchagulia. Ya kwanza, tunapunguza kwa wote. Kila mtu anaondolewa kidogo, kile ambacho hajakigusa siku nyingi. Huyu wimbo, yule sura ya mtu aliyempenda. Watu mia sita na kumi na wawili, tumewaibia, na hakuna tuliyemwuliza."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni mama yako peke yake. Kila anapouliza, kishikizo kinaliweka swali lile upya, kama hakijawahi kulisikia. Kuna zaidi ya laki moja mle, moja juu ya jingine. Ndiyo uzito wake wote. Tukifuta marudio tukabakiza moja, nafasi inatosha, na hakuna mwingine atakayeguswa. Lakini sijui nini kitakwenda pamoja nayo. Hatauliza tena. Pengine hatamsubiri tena. Kumsubiri mume ni kitu cha mtu, binti. Ni chake. Sisi hatuna haki nacho, na hatuna hata muda wa..."

"Ya pili," Tusekile alisema.

"Sijamaliza. Nataka uelewe kwamba..."

"Fanya ya pili."

"Mwacheni afikiri," Ipyana alisema. "Bado dakika nne. Dokta, mwache kwanza afikiri."

"Nimefikiri."

Dokta Kaijage alimtazama machoni kwa muda ambao kwake yeye Tusekile ulikuwa mrefu kuliko dakika zote zilizobaki. Hakujua mzee anaona nini. Alitamani kugeuza uso, akauacha palepale. Mwishowe mzee aligeukia meza yake, akaandika mistari mitatu, akafunga macho, akabonyeza.

Namba ziliteremka kwenye skrini kama maji yanayotoka kwenye bafu. Laki moja. Elfu arobaini. Elfu mbili. Moja. Mstari mwekundu ukabadilika ukawa mweupe, kisha kijani. Chini yake yakaandikwa maneno ambayo Ipyana mwenyewe aliyaweka usiku mmoja kwa mzaha: Leo hafi mtu.

Hakuna aliyepiga makofi. Salha alikuwa ameshafungua daftari la majaribio na anasoma kwa sauti, kama mtu asiyeweza kujizuia. "Alhamisi ya kwanza, 308, 77, 540. Alhamisi ya pili, 308, 112, dakika sita. 19, dakika mbili. Jamani. Jamani, watu kumi na saba. 112 alikuwa nani? Alhamisi ya pili, saa nane, huyu 112 alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa juu ya paa," Tusekile alisema.

Salha aliliacha daftari lidondoke. Akaja akamkumbatia, akalia begani kwake, koti likalowa. "Umetoa cha mama yako peke yake, ukawaachia wote vyao. Mimi nisingeweza. Wallahi nisingeweza."

Tusekile alisimama ndani ya mikono ile kama mlingoti. Dokta Kaijage alikuwa tayari ameshika simu, anawaambia wakubwa wa chuo kila kitu tangu mwanzo, jina lake kwanza, kosa lake pili. Alisema atapita mwenyewe nyumba kwa nyumba. Alisema ataanzia kwa mzee Mwasomola.

*

Tusekile alishuka kilima na ndoo yake, kwa kuwa hakukumbuka kuiacha. Jua lilikuwa bado juu. Nguo ziliyumba kulizunguka bomba, na wanawake walimsalimu kama siku zote, na yeye akaitika.

Mama alikuwa uani, kwenye kigoda chake, miguu juani. Sahani yake ilikuwa chini, tupu. Tusekile aliitazama. Kwa miaka kumi mama alikula nusu, nusu akaifunika kwa kawa.

Alisimama mbele yake akangoja. Jibu lilikuwa ulimini, lilizoea kukaa hapo, ameshakula, mama, halikuhitaji hata kufikiriwa. Kuku walipita. Mama alimtazama usoni, kisha mikononi, kisha usoni tena, kama mtu aliyeingia nyumbani kutoka safari na anahesabu nani yupo.

"Mbona umesimama? Kaa."

Tusekile akaketi chini, kwenye vumbi.

"Na hiyo ndoo?"

"Nimesahau kuiacha."

Mama aliinyoosha mikono yake mwenyewe mbele, akaigeuzageuza juani. "Leo kichwa changu kimekuwa chepesi," alisema. "Kama nyumba waliyohama watu. Kulikuwa na kitu nilikuwa nakifanya kila saa, sasa sikumbuki ni kitu gani." Akanyoosha kidole, akamgusa Tusekile chini ya jicho, pale penye weusi. "Wewe, mwanangu. Umechoka?"

Miaka kumi hakuna aliyemwuliza swali hilo. Tusekile alihisi uso wake unavunjika, akauinamisha, na maneno yale aliyoyazuia mtaani, kisimani, maabarani, mikononi mwa Salha, yakatoka kuelekea kwenye miguu ya mama yake.

"Nilichoka, mama. Walikuwa wanakuzima kila Alhamisi, na mimi nilijua tangu ile ya kwanza. Nilikuwa nakuketisha mkekani, nakuwekea mto, nasubiri uzimike ili nipumzike. Mzee Mwasomola angekuwa na mguu mzima leo kama ningesema. Na leo waliponiuliza wakufute nini, nilitaka hivyo, mama. Sikufanya kwa ajili ya watu. Nilijibu kabla hawajamaliza kuuliza, kwa sababu nilikuwa nimechoka kukujibu."